Charlie Parker alibadili nini hasa kwenye jazi, na je, nimfuate?

«Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, napiga saksafoni ya alto kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, Ijumaa na Jumamosi. Kiongozi wetu ameniambia siwezi kujiita mpiga saksafoni kama simjui Charlie Parker, yule Mmarekani mpiga alto. Nimemsikiliza miezi mitatu sasa. Kusema kweli nasikia fujo: nota nyingi, haraka haraka, kama mtu anayegombana. Nimeshika ule wimbo wake wa Ko-Ko, naujaribu masaa matatu kila siku na siufikii, na siku hizi kidole gumba cha mkono wa kulia kinakufa ganzi. Wenzangu wawili wananiambia nisijisumbue, wale watu walitumia unga, bila hivyo hufiki pale. Naomba kujua: ni kweli mtu mmoja aliibadili jazi yote? Alifanya nini hasa? Na mimi ninayepiga dansi, ananihusu nini?»

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako lina maswali kama matano ndani yake, na la kidole gumba, ulilolitaja kwa kupita tu, ndilo la haraka kuliko yote. Nitalifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi: kusikia fujo si dalili ya sikio bovu. Louis Armstrong, mtu aliyeifundisha jazi nzima maana ya solo, hakuupenda muziki huu ulipotoka na alisema hivyo hadharani. Kwa hiyo uko na wakubwa.

Tatizo lako ni mlango uliouingilia. Ko-Ko ilirekodiwa New York tarehe 26 Novemba 1945, kwa mwendo wa takribani mapigo 300 kwa dakika. Pale ndipo Parker alipofika baada ya safari ndefu, wala hakuanzia hapo. Wewe umefanya kama mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kuanzia na tenzi za zamani za Lamu. Halafu analaumu ulimi wake.

Alianzia wapi? Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1920 Kansas City, upande wa jimbo la Kansas, akakulia ng'ambo ya pili, Kansas City ya Missouri, mji ambao miaka ya 1930 vilabu vyake vilikesha na wapigaji walishindana hadi alfajiri. Mama yake ndiye aliyemnunulia saksafoni. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipojitosa kwenye mashindano hayo alikuwa anajua wimbo mmoja mzima na vipimo vinane (vipande vifupi vya mapigo manne manne) vya mwingine, tena kwa funguo moja tu, yaani do ya kuanzia moja, na wala hakuwahi kufikiri kwamba kuna funguo nyingine. Walimcheka. Mwaka 1936, kwenye klabu iliyoitwa Reno, mpiga ngoma Jo Jones alimtupia toazi likalia sakafuni mbele ya watu, maana yake shuka. Alikuwa na miaka 15 au 16.

Mwaka uliofuata, majira ya joto, alikwenda na bendi moja kupiga kwenye hoteli za mapumziko katika vilima vya Ozark, akabeba santuri za bendi ya Count Basie. Solo za mpiga saksafoni Lester Young zilizomo humo akazishika zote kwa sikio, nota kwa nota. Aliporudi mjini watu hawakuamini kuwa ni yuleyule. Katika mahojiano ya mwaka 1954 alisema kuna miaka mitatu minne alifanya mazoezi masaa 11 hadi 15 kwa siku, na kwamba majirani walifika mahali pa kutaka mama yake ahame. Nakueleza haya kwa sababu watu wanapenda kumsimulia kama mtu aliyeteremshiwa. Alifanya kazi ya kushika nyimbo za mkubwa wake, kama unavyofanya wewe. Tofauti ni kwamba alianza na Lester Young, mpigaji anayeongea taratibu, kila sentensi inasikika.

Sasa alibadili nini. Watu wengi watakujibu «kasi», na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kasi ilikuwepo kabla yake. Msikilize Art Tatum kwenye piano. Parker alibadili mahali melodi inapokaa, na mahali sentensi inapoanzia na kuishia. Nieleze moja moja, na kama ulipita kwaya yoyote ya kanisani au shuleni, do re mi zitatutosha.

Wanamuziki tunasema kodi. Si ile ya TRA. Nazungumzia sauti zinazopigwa pamoja chini ya wimbo. Kodi ya kawaida ni do, mi, so. Ongeza ta, yaani ti iliyoshushwa nusu hatua, na kodi inapata hamu ya kwenda mahali. Endelea kupanda kwa kuruka hatua moja moja: re ya juu, fa ya juu, la ya juu. Ni nyumba ya ghorofa. Wapiga solo wengi kabla ya Parker waliishi ghorofa za chini, wakichungulia juu mara mojamoja. Wapo waliopanda mapema, na haki yao wapewe: mpiga saksafoni Coleman Hawkins alipanda sana kwenye santuri yake ya Oktoba 1939, na Tatum alikuwa anapanga samani huko juu tangu zamani. Lakini Parker alihamia. Alisimulia kwamba usiku mmoja wa Desemba 1939, kwenye mgahawa mmoja wa Harlem, mtaa wa New York, akipiga wimbo wa Cherokee na mpiga gitaa Biddy Fleet, aligundua kwamba akizifanya zile sauti za juu za kodi kuwa ndiyo melodi yenyewe, na kodi zinazofanana nazo zikimsindikiza chini, anaweza kupiga kile ambacho muda mrefu alikuwa anakisikia kichwani bila kuweza kukitoa.

Ndiyo maana kwako inasikika kama ugomvi. Sikio lako linamsubiri mlangoni, yeye anaongea na wewe kutoka dirisha la juu.

Jambo la pili ni hesabu, na hili ningependa ulielewe vizuri kwa sababu ndilo utakalolitumia jukwaani. Kila kipimo kina mapigo manne. Ukipiga nota mbili kwa kila pigo una nafasi nane. Skeli, yaani ngazi ya do re mi, ina nota saba. Saba ndani ya nane haikai: ukiteremka skeli mara ya kwanza, do inaangukia kwenye pigo, mzunguko wa pili do inaangukia katikati ya mapigo, na msikilizaji anapoteza mahali ulipo hata kama hujakosea nota yoyote. Parker na wenzake waliziba pengo kwa kupenyeza nota moja ya kupitia. Teremka hivi: do, ti, ta, la, so, fa, mi, re. Zihesabu, ni nane. Sasa angalia zinazokaa kwenye mapigo: do, ta, so, mi. Ni kodi nzima! Nota za nje zote zimeingia kwenye nyufa kati ya pigo na pigo. Walimu wa baadaye waliipa skeli hii jina na kuifundisha darasani, ila Parker hakuwa anakariri skeli. Alikuwa anahakikisha kwamba haidhuru anakimbia namna gani, mguu unakanyaga jiwe na si maji.

La tatu ni sentensi zenyewe. Unajua shairi letu la mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, kina cha kati na kina cha mwisho. Wapigaji wengi wa zama za bendi kubwa walipiga solo hivyo: sentensi inaanza mwanzo wa kipimo, inafunga pale unapotegemea ifunge. Parker anaanzia katikati ya ukwapi, anavuka kina cha kati bila kuvuta pumzi, anafunga ndani ya mshororo unaofuata, tena kwenye silabi ambayo mwingine asingeithubutu. Lakini hesabu mizani: zote zipo. Hajaacha hata moja. Ukimsikiliza huku unagonga mguu wa vipimo vinne vinne utashangaa jinsi mtu huyu anayesikika kama amepotea alivyo hapo hapo.

Hakufanya peke yake, na hapa nijibu swali lako la kama mtu mmoja aliibadili jazi yote. Hapana. Mpiga ngoma Kenny Clarke aliuhamisha mdundo kutoka ngoma kubwa ya mguu akaupeleka kwenye toazi, na mguu ukabaki huru kupiga mabomu ya ghafla. Bila hilo sentensi za Parker zingekosa pa kukaa. Thelonious Monk alikuwa kwenye piano pale klabu ya Minton's, Harlem, akitafuta kodi zake za ajabu. Mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie aliyajua haya yote kwa nadharia na alikuwa mwalimu mzuri. Wengi walijifunza nyumbani kwake. Ukiniuliza mimi, bibopu, yaani mtindo huu mpya wa jazi, ingezaliwa hata Parker asingekuwepo, ila ingeongea kwa lafudhi nyingine. Lafudhi ndiyo yake. Baada ya 1945 karibu kila ala ilianza kusema sentensi zake: Bud Powell kwenye piano, J. J. Johnson kwenye tromboni.

Na kulikuwa na mambo ya mfukoni. Hapa ndipo ile kodi nyingine, ya serikali, inapoingia. Mwaka 1944 Marekani iliweka kodi ya asilimia 30 kwenye kumbi zenye kucheza na kuimba, ikashushwa hadi asilimia 20 mwaka huohuo. Vijana walikuwa vitani, petroli ilikuwa ya mgao, kusafirisha bendi ya watu 16 kulikuwa ghali. Klabu ndogo yenye watu watano jukwaani na wateja waliokaa kwenye viti ikawa na nafuu. Jazi ikahama kutoka muziki wa kucheza kuwa muziki wa kusikiliza, na Parker akapewa lawama na sifa ambazo sehemu yake zilikuwa za ofisi ya mapato.

Kuna ujanja mwingine wa mfukoni utakaoupenda. Sheria ya hakimiliki ililinda melodi na maneno, haikulinda mfululizo wa kodi. Sisi huku tumezoea kuchukua melodi ya zamani tukaitia maneno mapya. Wao walifanya kinyume: walibakiza kodi, wakatupa melodi na maneno, wakatunga melodi mpya. Ko-Ko yako hiyo ni kodi za Cherokee, wimbo wa vipimo 64 wa Ray Noble ambao sehemu yake ya katikati inahama funguo kila baada ya vipimo vinne na watu wengi waliiogopa. Jaribio la kwanza la siku ile limehifadhiwa: wanapiga utangulizi, wanaingia kwenye melodi ya Cherokee, wanakatishwa. Jaribio linalofuata halina melodi kabisa. Utangulizi, kisha solo moja kwa moja. Ornithology, wimbo wake mwingine, nayo imesimama juu ya kodi za How High the Moon. Kwa hiyo sehemu ya fujo unayoisikia ni kwamba umeingia kwenye mazungumzo ambayo mada yake imefichwa makusudi. Wasikilizaji wa 1945 waliijua Cherokee, wewe huijui. Isikilize kwanza, imepigwa polepole na kwa uwazi na mtu yeyote, halafu rudi.

Waliofuata baada yake wengi walikuwa wanamfuata au wanamkwepa. Mpiga tarumbeta Miles Davis alipiga naye tangu 1945, akiwa na miaka 19, kisha akaenda kutafuta muziki wa nota chache. John Coltrane alianzia alto, akamezwa na Parker, na alipohamia tenori alipata pa kupumulia. Lee Konitz, mpiga alto mwingine, alikataa kumwiga na ilimgharimu kazi ngumu ya miaka. Ornette Coleman, mwaka 1959, aliziondoa kodi zenyewe, lakini sikiliza anavyolia bluzi na utamsikia Parker humo. Barani kwetu mfano ulio wazi zaidi uko Johannesburg: Kippie Moeketsi, mpiga alto, alimsoma Parker hadi mfupani, akaitia lugha hiyo kwenye kundi la Jazz Epistles pamoja na Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na Dollar Brand, na santuri yao ndefu ilitoka mwaka 1960.

Kwa nini sitaji Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, wala OK Jazz ya Kinshasa? Kwa sababu neno «jazz» kwenye majina hayo lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa, basi. Saksafoni zao ziliwasikiliza Wacuba na wao kwa wao. Si upungufu, ni ukoo mwingine. Kiongozi wako anapokuambia huwezi kuwa mpiga saksafoni bila Parker anatia chumvi; wapo wazee wa dansi waliolia saksafoni vizuri mno bila kumjua.

Sasa wenzako wawili. Nitakuwa mkali kidogo. Parker aliingia kwenye morfini baada ya ajali ya gari mwaka 1936 iliyomvunja mbavu. Alipewa dawa kwa maumivu, akabaki nayo, kisha heroini. Kazi yote niliyokueleza, ya Ozark, ya funguo, ya masaa 11, haikufanywa na heroini. Ukitaka kusikia uraibu wa heroini na pombe unavyopiga saksafoni, ipo santuri: Lover Man, tarehe 29 Julai 1946, Los Angeles. Amechelewa kuingia, anayumba, pumzi haipo. Usiku huohuo alivurugikiwa, akaishia miezi sita hospitali ya wagonjwa wa akili ya Camarillo. Parker mwenyewe alikasirika santuri hiyo ilipouzwa. Mwaka 1949 aliliambia jarida la DownBeat, bila kupindisha, kwamba mwanamuziki anayesema anapiga vizuri zaidi akiwa amelewa au amejidunga ni mwongo. Alikufa tarehe 12 Machi 1955 akiwa na miaka 34, na daktari aliyeukagua mwili alimdhania mtu wa miaka hamsini na zaidi. Vijana wengi walimwiga kwenye sindano wakidhani wanamwiga kwenye saksafoni. Sonny Rollins alikuwa mmoja wao. Alikwenda kutibiwa, akaacha, na akapanda jukwaani hadi amevuka miaka 80. Kama yeyote kati ya wenzako hao anaongea kwa uzoefu na si kwa porojo, tiba ipo: Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na vituo vingine vimefuata. Mpeleke, usimhubirie.

Parker na dansi, basi. Nikusimulie aibu yangu. Miaka ishirini na kitu iliyopita, harusini, nikiwa nimetoka kumgundua Parker, wimbo ulipoingia kwenye sebene nilimwaga kila nilichokuwa nacho. Nota mia kadhaa. Bibi harusi alirudi kukaa. Baada yake meza moja, kisha nyingine. Kiongozi wetu hakunigombeza, aliniangalia tu, na mpiga tarumbeta akaninong'oneza: «Umewapa mtihani.» Sebene linazunguka juu ya kodi mbili tatu na uhai wake uko kwenye kurudia. Ukipeleka kule ule ujanja wa kubadilisha kodi na kuishi ghorofa ya juu, unagombana na gitaa. Ila zile nota nane kwenye mapigo manne zinakaa vizuri sana kwenye dansi, na kuanza sentensi pale wasipokutegemea, mara moja tu ndani ya wimbo, kunamwamsha hata aliyekuwa anasinzia.

Ningekuwa wewe ningeiweka Ko-Ko kabatini kwa mwaka. Chukua Now's the Time, imerekodiwa siku ileile ya Novemba 1945. Ni bluzi ya vipimo 12, mwendo wa mtu anayetembea, kwenye F, ambayo kwa alto yako ni D. Melodi yake inachezeka kiasi kwamba miaka michache baadaye ilipewa jina The Hucklebuck na kuwa wimbo wa dansi uliotikisa Marekani. Huyo ndiye Parker: chini kabisa ya nota zote ni mpiga bluzi wa Kansas City. Imba solo yake kabla hujaipiga. Vipimo vinne kwa wiki vinatosha. Simu yako ina programu za kupunguza mwendo bila kushusha sauti. Zitumie bila haya. Vitabu vya nota za solo zake vipo na vina faida, ila vinakupa nota bila lafudhi, na nimeshakuambia lafudhi ndiyo mali yenyewe, kwa hiyo sikio kwanza, kitabu baadaye kwa kuhakiki.

Kuna kitu kimoja siwezi kukufanyia kwa maandishi. Namna unavyoweka midomo, pumzi inatoka wapi, vidole vinapaa umbali gani juu ya funguo, hayo yanataka mtu aliyesimama mbele yako. Mtafute mpiga saksafoni mzee yeyote wa bendi, hata wa brasi bendi ya polisi au jeshi, umpigie dakika kumi aone.

Kidole sasa. Gumba la kulia lina kazi ya kuielekeza saksafoni, halikuumbwa kuibeba. Likifa ganzi, mara nyingi ni kwamba mkanda wa shingoni umelegea na uzito wote umeshukia kwenye kile kindoano cha nyuma, na masaa matatu ya kukimbizana na mapigo 300 yanamalizia. Pumzika siku nne tano. Ukirudi, pandisha mkanda hadi mdomo wa saksafoni uje wenyewe kinywani bila gumba kuusukuma, na usivuke dakika 25 bila kuweka chini. Ganzi ikiendelea zaidi ya wiki mbili, ikikuamsha usiku, ikipanda kwenye kiwiko au ukaanza kuangusha vitu, nenda hospitali ukaonwe na daktari wa mifupa na mishipa ya fahamu, na umwambie wazi kuwa wewe ni mpiga ala. Usiseme tu «naumwa mkono». Na mkanda usisahau kuupandisha kabla hujarudi jukwaani.